Gari Linavuma Nyuma, Nami Nimeficha Ufunguo

Mpendwa Shangazi Pao-chu,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya matunda ili mume wangu asinione, na naomba unisaidie kabla sijaivunja nyumba yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Sisi ni wakulima wa topetope hapa Taimali, mume wangu anaitwa Chin-fa, amekaribia miaka sabini, na tuna gari la zamani la kijivu, la aina ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo alilinunua mwaka aliozaliwa binti yetu Szu-yin, na ndilo lililomleta Szu-yin nyumbani kutoka hospitali akiwa mchanga, kwa hiyo ukilisema vibaya gari hilo mbele ya Chin-fa ni kama umemtukana mama yake mzazi.

Sasa Shangazi, tangu mvua zilipoanza gari linavuma. Mvumo unatoka nyuma, chini ya kiti, tukishafika mwendo wa sitini hivi, kama mtu anayeimba amefunga mdomo, na mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu, sidanganyiki kwa sauti. Akikanyaga mafuta unapanda, akiondoa mguu tunapoteremka kuelekea darajani unakatika, akikanyaga tena unarudi, na kona haziubadilishi, wala lami mpya haiubadilishi. Nilipomwambia akasema ni tairi, tukabadilisha tairi zote, mvumo uko palepale, akasema basi ni masikio yangu. Akamwita rafiki yake A-tien, fundi wa gereji ya hapa, wakaenda naye hadi sokoni na kurudi kwa mwendo wa bibi harusi, A-tien hakusikia kitu, na tangu siku hiyo mimi ni kichekesho cha gereji nzima, kila nikipita wananiuliza leo gari limeimba wimbo gani. Nafikiri masikio ya Chin-fa ndiyo yamekufa kwa mashine ya kukatia nyasi, maana siku hizi redio ya gari anaifungulia mpaka vioo vinatetemeka.

Yote hayo ningevumilia, lakini Szu-yin amejifungua salama huko Fangliao, mtoto wa kike, na anakuja kulala uzazi kwangu mwezi mzima kama desturi, kuku nimeshawatenga, tangawizi na mafuta ya ufuta vipo, na Chin-fa anasema atawafuata kwa gari lile lile, apande nao mlima. Nikamwambia mjukuu wangu haingii humo. Akanijibu kwa upole, na huo upole wake ndio ulionikera, "Lilimleta mama yake, litamleta na yeye. Wewe kama unaogopa, panda treni."

Ndipo nikachukua ufunguo nikauzika ndani ya pipa la mchele.

Nilijua atanifokea, tutagombana, yaishe. Hakunishuku hata kidogo, Shangazi. Aliutafuta mifukoni, kwenye viatu vya shamba, akautafuta hadi kwenye friji. Baba yake alipozeeka akili zilimtoka, alikuwa akituuliza jina lake mwenyewe, na Chin-fa ndiye aliyemlisha mpaka mwisho. Jana nilimkuta amekaa juu ya kreti la matunda, mikono mitupu, akaniambia, "Mke wangu, ukiona nimeanza kama baba, usinifiche." Nami nikamwambia chakula kinapoa.

Nikiurudisha ufunguo, atampakia mtoto. Nisipourudisha, mume wangu ataamini akili zinamtoka. Je, mvumo ule upo kweli, au ni mimi ndiye wa kupelekwa hospitali?

Mama Szu-yin, Taimali

SHANGAZI PAO-CHU ANAJIBU:

Mama Szu-yin, barua yako haikusubiri zamu. Nilikupigia simu siku ileile ilipofika, na leo ninaisoma hewani kwa ruhusa yako na ya mumeo, pamoja na yaliyofuata, kwa sababu najua huko nje wapo wanaoendesha magari yanayovuma na wapo wenye funguo walizozificha.

Nilianza na ufunguo na ninaanza nao tena. Ulifanya vibaya. Kumzuia asiendeshe ulikuwa na haki. Ungesimama mbele ya gari, ungelala juu ya boneti, ningekuunga mkono. Lakini ulimwona mtu aliyemlisha baba yake kwa kijiko akiogopa kuwa zamu yake imefika, na dawa ya hofu hiyo unayo wewe, iko jikoni, halafu ukamwambia chakula kinapoa. Usirudie tena.

Sasa gari. Kabla ya kukalia kiti hiki niliendesha teksi Taitung mpaka mgongo ukakataa, na magari ya aina hiyo nayajua kwa sauti. Masikio yako ni mazima, mama. Mvumo wa tairi hubadilika lami inapobadilika; wako haubadiliki, na tairi mmeshazinunua bure. Beringi ya gurudumu ikichakaa huvuma zaidi gari likiegemea upande wake kwenye kona, tena haijali dereva amekanyaga mafuta au ameachia. Wako haujali kona, ila unafuata mguu wa dereva: akikanyaga upo, akiachia haupo. Hiyo ni difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu. A-tien hakusikia kwa sababu alipelekwa sokoni taratibu. Ugonjwa unaotokea mwendo wa sitini haupimwi mwendo wa thelathini.

Nilikuuliza kwenye simu kama pale gari linapolala pana harufu. Ukaniambia ndiyo, kama yai viza, ukadhani panya amekufa, ukawa unamwaga maji ya sabuni kila asubuhi. Hakuwa panya. Oili ya difu ndiyo inayonuka hivyo, na ilikuwa inavuja. Difu ikikauka, beringi zake hujitafuna zenyewe, na siku inapokwama magurudumu yote mawili ya nyuma husimama kwa pamoja, iwe uko uani kwako au kwenye kona ya mlima na kichanga kwenye kiti cha nyuma. Ndiyo maana nilikwambia gari lisitoke uani hata kufuata chumvi, na A-tien aje afungue nati ya kujazia oili, aingize kidole. Lakini fundi awe wa pili. Wa kwanza awe Chin-fa.

Ulinitii, na hapo nakupongeza. Uliutoa ufunguo, ukauweka mezani mbele yake ukiwa bado na punje za mchele, ukamwambia ni wewe uliyeuficha. Ulingoja afoke. Yeye akaugeuzageuza mkononi, kisha akauliza, "Kwa hiyo sikusahau?"

Ukamwambia, "Hukusahau kitu."

Akavua kofia akajifunika uso, na wewe ukakaa naye, hukusema habari za chakula. Kisha akakuambia jambo ambalo hata mimi sikulitazamia. "Huo mvumo nausikia. Nausikia tangu mvua. Redio naiwasha ili nisiusikie." Alijua A-tien akishafungua chini atasema gari likauzwe chuma chakavu, naye alitaka safari moja tu, ya kumleta mtoto, halafu basi. Kwenye simu nilikwambia masikio yake yamekufa, mpeleke akapimwe. Nilikosea, na nimefuta maneno yangu.

Sasa wewe, bwana Chin-fa, najua unanisikiliza. Nilikuhurumia mpaka hapo, huruma ikaishia hapo. Ulimwacha mkeo achekwe gereji nzima kwa kitu ulichokuwa unakisikia kwa masikio yako. Nimeambiwa umemwomba radhi nyumbani, jikoni, mkiwa wawili. Haitoshi. Hakuchekwa jikoni. Nenda naye gereji, useme mbele ya A-tien na wale vijana wake kwamba mkeo alikuwa sahihi na wewe ulikuwa unajua. Ukishalisema utajisikia mwepesi, na usipojisikia mwepesi, bado utakuwa umelisema.

Kwa faida ya wasikilizaji, A-tien aliingiza kidole kwenye difu kikatoka karibu kikavu, cheusi, kina unga wa chuma unaometa. Sili ya mbele, ule mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imechanika na beringi ya nyuma yake imeliwa. Hakusema chuma chakavu. Alikaa chini ya gari muda mrefu, akatoka akasema aliyecheka ndiye atakayetafuta kipuri, akapiga simu mpaka akapata difu nzima ya gari kama hilo kwenye yadi moja huko Pingtung. Wakati gari likiwa juu ya mawe, Chin-fa alipanda treni kwenda Fangliao kuwachukua, na Szu-yin anasema wakati wa kurudi baba yake alimpakata mtoto kupita mahandaki yote ya reli, mama mwenyewe alimpata pale tu ilipofika saa ya kunyonyesha.

Gari sasa linatembea. Difu iliyokwishatumika nayo inaweza kuvuma kidogo, msishtuke, ila tandikeni boksi jeupe chini yake kila linapolala, na kila mwezi A-tien aangalie oili. Likivuja, linasimama. Hilo nadhani mmeshalikubali wote wawili.

Limebaki moja, na hili ndilo kubwa, Mama Szu-yin. Hofu ya ugonjwa wa baba yake haikuanzia kwenye ufunguo wako. Mtu haanzi kutafuta ufunguo ndani ya friji kama hajawahi kukaa peke yake akiwaza hayo. Umeiondoa sababu ya wiki hii, hofu yenyewe bado iko naye, ameilea miaka mingi bila kumwambia mtu. Daktari yupo wa kupima mambo hayo, anauliza maswali, anatazama, anasema ukweli. Nimeshazungumza na muuguzi wa zahanati ya hapo kwenu. Jumanne asubuhi anawangoja. Mwache Szu-yin na mtoto wapumzike, nendeni nyie wawili, uingie naye hadi ndani ya chumba cha daktari, usibaki kwenye benchi la nje. Na kwenda na kurudi, aendeshe yeye.