Ahadi ya Tangi

Mkunya, Newala
3 Septemba 2024

Cecil, mume wangu,

U mzima? Sisi wazima, ila kiu. Anayeniandikia ni katekista Edmund. Nimemkataza kulainisha neno.

Mabomba ya mradi wa maji, yale uliyosema kompyuta yako imeyahakikisha, yamekauka tangu umeme ulipokatika, na hata uliporudi hayakutoa. Tumerudi kuteka bondeni. Jana Magdalena kateleza na ndoo mteremkoni, nyonga imevunjika. Magdalena huyuhuyu aliyekubeba mgongoni mama yako alipougua. Nakupigia simu, hupokei. Umemeza ulimi?

Bibi yako

Dar es Salaam
19 Septemba 2024

Shikamoo Bibi,

Bibi Magdalena anaendeleaje? Mimi mwili mzima, usingizi sina.

Kosa ni langu. Mfumo mkubwa tunaukata vipande. Programu inathibitisha kila kipande peke yake, kwa sharti kwamba kipande jirani kitatimiza ahadi yake. Pampu ilifaulu kwa ahadi moja: tangi halinyamazi, yaani haliachi kuomba maji, mpaka lijae. Programu ikaniuliza, ahadi hiyo ya tangi imethibitishwa? Nikajibu ndiyo, bila hata kumwuliza fundi wa tangi. Kumbe umeme ukikatika, kipimo cha tangi huzimika, na ukirudi hakiwaki chenyewe. Pampu ikasikia kimya, ikadhani limejaa.

Tumerekebisha. Naomba uniombee radhi kwa Bibi Magdalena.

Mjukuu wako,
Cecil

Mkunya
27 Septemba 2024

Cecil,

Maji yametoka, ahsante. Magdalena hainuki, tunamgeuza sisi.

Mambo ya vipande sikuyashika yote. Nililoshika ni hili: uliapa kwa niaba ya mtu ambaye hukumwuliza. Sasa unataka na mimi nikaape kwa niaba yako kwamba umejuta! Siendi. Radhi haitumwi. Na shikamoo yako sijaiitikia, nimeiweka. Marahaba utaipata ukishaketi mkekani kwa Magdalena ukamwambia mwenyewe. Akikutukana, kaa hapohapo. Ugali wa muhogo nitakupikia, utakula huku unalia.

Nakupenda, mjinga wewe.

Bibi yako

Mkunya
14 Oktoba 2024

Marahaba, mume wangu.

Ulifika salama huko Dar? Kifua chako kile cha kukohoa kimepoa?

Magdalena bado hatembei, sikufichi. Jana kaniuliza, “Mumeo yule anarudi lini?” Nikamwambia, “Kwani umeshamsamehe?”

Akasema, “Sijamaliza kumtukana.”

Rudi.

Bibi yako