Kovu la Bi Uzi

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Vioo.
14 Septemba

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua ukiona mwandiko huu kwenye bahasha utaiweka kwanza mezani, uendelee na shughuli zako, ndipo urudi kuitazama kwa jicho la pembeni. Nakuomba uifungue. Sijaweka kitabu ndani. Ni barua tu, na karatasi moja ambayo nitakueleza habari zake huko mbele.

U hali gani? Goti je? Kaka aliniambia uliteleza kwenye ngazi za lile bweni unakopika, na siku ya tatu ulikuwa umesharudi kwenye masufuria yako, unachechemea na kumfokea kila anayekuonea huruma. Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana habari za goti lako nilipaswa kuzipata kwako mwenyewe. Miaka saba ya kununiana ni mingi kwa watu waliokula sahani moja. Natumaini unalipumzisha, ingawa nakufahamu.

Sisi huku tu wazima. Kaka bado anafundisha hesabu, na kitambi chake nacho kinajumlisha. Mimi bado nachora, na lile jina la Wino ulilonipa siku nilipochafua ukuta wako ndilo wanaloniita hadi leo. Nafanyia kazi kwenye chumba kilekile, meza mbili na kiti kimoja kizuri tunachokigombania watu watatu. Mwenzangu wa kwanza ni Nukta, anayetunga hadithi ninazochora. Anaitwa hivyo kwa sababu anaweza kubisha nusu siku juu ya nukta moja. Wa pili ni Sponji, anayeshona mavazi ya wahusika na kukata magodoro makuukuu yawe ngao na mabega ya mashujaa. Chumba kinanuka gundi na vumbi la godoro halitutoki puani. Lakini ndio watu wanaojua kama nimekula au sijala.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Bi Uzi unamjua, ingawa hukukubali kumfungua. Ni yule fundi wa mabegi na miavuli kwenye vitabu vyangu vya katuni, anayeweza kushona chochote kilichochanika, hata ukuta, hata ugomvi wa majirani. Nilimpa vidole vya marehemu mama, kigoda cha mama, namna yake ya kukata uzi kwa meno, na lile kovu la shavuni. Nilipokutumia toleo la kwanza ulinirudishia ndani ya bahasha ileile, na nyuma yake uliandika: Dada yangu si kikatuni. Nilikasirika sana, Mama Mdogo. Nilimwambia kaka kwamba una roho ngumu, na maneno mengine ambayo sitayarudia hapa.

Jumamosi iliyopita palikuwa na tamasha la vibonzo. Hufanyika mara moja kwa mwaka kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho, na mimi huisubiri siku hiyo kama mtoto. Wachoraji tunapanga meza, watu wanakuja wamevaa kama wahusika wanaowapenda, na ukumbi mzima unakuwa vurugu ya kofia, mikia na rangi za uso. Safari hii shujaa mmoja mwenye mabawa ya makaratasi alikwama kwenye mlango wa choo, ikabidi Sponji amkate bawa moja ndipo ajisaidie. Sponji hakosi sindano na gundi mfukoni siku hiyo. Hadi mchana nilikuwa na furaha.

Mchana yakaja mashindano ya mavazi. Nilikuwa mmoja wa waamuzi, nimepewa kipaza sauti. Walipanda jukwaani kina Bi Uzi kumi na wanne, kila mmoja na mkasi wake na uzi wake, na wote wamejichora kovu kwa rangi kwenye shavu la kushoto. Isipokuwa mmoja. Alikuwa dada wa makamo hivi, mtaratibu, vazi lake limeshonwa vizuri kuliko yote, lakini kovu lake lilikuwa shavu la kulia. Nami kwa kiherehere cha kipaza sauti nikamwambia mbele ya watu wote, "Dada, vazi limekubali, ila kovu umelikosea upande." Ukumbi ukacheka.

Hakuninunia. Alifungua mkoba wake akatoa toleo la tatu, limechakaa hadi pembe za kurasa zimejikunja kama masikio, akaniwekea mezani taratibu. "Mimi namfuata huyu wa mwanzo," akasema. Nikatazama. Kovu lilikuwa kulia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na kipaza sauti changu.

Niliporudi chumbani nilipanga sakafuni matoleo yote thelathini na tisa. Toleo la kwanza hadi la sita, kovu liko kulia. Kuanzia la saba liko kushoto, na halikurudi tena. Nikakumbuka. Kila mchoraji ana karatasi ya mfano, uso wa mhusika uliochorwa vizuri mara moja, ili usibadilike kila ukurasa. Kwenye toleo la saba nilitaka Bi Uzi atazame upande mwingine, na muda ulikuwa umenibana. Nikaigeuza karatasi kifudifudi kwenye ile meza yangu ya kioo yenye taa chini yake, nikafuatisha mistari kwa upande wa nyuma. Ikatoka nzuri, nikaibandika ukutani ikawa ndiyo mfano mpya. Kilichokuwa kulia kikahamia kushoto, na mimi, bintiye, sikuona. Kwa miaka sita sikuona.

Utasema basi la kulia ndilo sahihi, tatizo liko wapi. Nami nilijiambia hivyo kwa saa nzima. Kisha nikajiuliza lile la kwanza nililitoa wapi. Nilichora kwa kukumbuka, na kila nikimkumbuka mama vizuri namwona akinisuka. Alikuwa anakaa nyuma yangu, mimi namtazama kwenye kioo, na kioo nacho hugeuza. Huenda nilikosea tangu siku ya kwanza, na lile kosa la toleo la saba likanirudisha kwenye ukweli bila kujua. Sijui. Nimefumba macho mara ngapi, na kila anapokuja ni Bi Uzi anayekuja, kwa mistari yangu mwenyewe na wino wangu mwenyewe. Uso wa mama umenitoka, Mama Mdogo. Hilo ndilo linalonitesa, na sijamwambia mtu mwingine kwa maneno hayo.

Picha hakuna. Albamu ililowa bomba lilipopasuka, kurasa zikagandana, na tulipojaribu kuzibandua sura zote zilichunika. Kitambulisho kilichukuliwa ofisini siku tulipoandikisha kifo. Nikampigia kaka. Akajibu bila kusita kwamba kovu lilikuwa kushoto. Nikamuuliza kama anamkumbuka mama au anakumbuka vitabu vyangu. Mtu wa hesabu akaniomba tuzungumze siku nyingine.

Nikaenda kwa yule mama wa saluni aliyekuwa jirani yetu, aliyemwosha mama nywele miaka na miaka. Nikasema huyu hawezi kukosea. Naye akasema kushoto, akaonyesha kwa kitana bango la Bi Uzi nililompa mwenyewe, limebandikwa juu ya sinki. "Kwani si huyo hapo?" akaniuliza. Nilimshukuru nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi za saluni nikalia, wateja wananipita. Nilianza kumchora ili tusimsahau, kumbe nimewafutia watu wote sura yake nikawawekea ya kwangu.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Kati ya wote waliomjua, ni wewe peke yako hukufungua hata ukurasa mmoja. Jambo lililoniuma miaka saba ndilo ninalokuja kuliegemea leo. Cheka ukitaka, una haki.

Na kuna jingine. Kabla ya mashindano nilipita chumba cha kuvalia. Wale mabinti walikuwa wanachoreana makovu mbele ya kioo, wanacheka, mmoja anamwambia mwenzake, "Lizidishe, lionekane." Hawakuwa na ubaya wowote. Lakini nilisimama mlangoni nikakuwaza, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini ulirudisha kile kitabu. Habari ya mfuniko wa kopo uliomchana shavu naijua, Mama Mdogo. Najua ulikuwa na miaka tisa na yeye kumi na miwili, na mlichokuwa mnagombania hakuna aliyekikumbuka. Watu wengine aliwaambia alianguka. Mimi alinisimulia. Sijawahi kuiandika katika toleo lolote, wala sitaiandika. Lakini nililichukua lile kovu, nikaliweka kwenye kila jalada, likabandikwa madukani, na sikufikiria hata siku moja kwamba kuna mtu anayeliona kama mkono wake. Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza kwanza.

Tuna toleo moja limebaki, la arobaini, na hadithi inaishia hapo. Ukurasa wa mwisho ni uso wa Bi Uzi peke yake, mkubwa, anamtazama msomaji. Mpiga chapa anataka kurasa mwisho wa mwezi ujao. Nukta anasema nichore kushoto, wasomaji wameshazoea, nikigeuza watadhani ni mtu mwingine. Nilimjibu kwamba mama yangu si mali ya wasomaji, na nikaongeza neno juu ya hadithi zake ambalo halikuwa la lazima. Sasa hatusemeshani. Tumekaa umbali wa hatua mbili, na Sponji ndiye tarishi wetu. "Sponji, mwambie mwenzako anipitishie rula." Nilijaribu hata kumchora ameegemeza kiganja shavuni ili nisichague, akaonekana kama anaumwa jino.

Nimekwama. Nikichora upande wowote bila kujua, nitakuwa nimemzika mara ya pili kwa uso ambao si wake.

Kwa hiyo nimekufungia ile karatasi niliyoitaja mwanzo. Nimemchora ana macho, pua na mdomo, mashavu nimeyaacha matupu. Mtazame kama aliyekaa mbele yako, kisha chora mstari mmoja pale kovu lilipokuwa, uniwekee kwenye posta. Kama hutaki nitaelewa, na ukurasa ule utabaki bila kovu wala uso. Najua ninakuomba nini, na najua ni mkono upi ninaouomba.

Lakini kabla hujakataa, pokea hili, maana nahisi hakuwahi kukwambia. Mama hakulichukia lile kovu. Ulipokwenda kuishi mbali, alikuwa akishona huku sindano iko mkononi, mara anasita, mkono unapanda, analipapasa kwa mgongo wa kidole, anatabasamu peke yake. Naukumbuka mkono ukipanda, sikumbuki ulikuwa unaishia wapi. Nilimuuliza siku moja ana nini. Akaniambia, "Hii ni sahihi ya mdogo wangu. Nikimkosa sana, naisoma."

Msalimie sana baba mdogo, mwambie redio aliyonitengenezea bado inasema. Wasalimie binamu zangu wote wawili, na yule mjukuu wako anayekula chaki. Kaka anakusalimu. Sponji hakujui lakini anakusalimu pia, na anasema akipata kipimo cha goti lako atakukatia kinga nzuri ya godoro, ya kishujaa kabisa. Nukta naye angekusalimu kama tungekuwa tunasemeshana.

Mungu akulinde kwenye ngazi zote, akupe nguvu na watu wa kukubebea masufuria. Na atulainishe mioyo, wewe na mimi, tuonane tukiwa bado tunafahamiana kwa sura.

Ni mimi binti yenu, niliyekupenda hata siku nilizonuna,

Wino

Tena: usitumie rula, na mkono ukitetemeka usijali. Lile la mwanzo nalo halikunyooka. Hilo nalikumbuka.