Chupa ya Maji Kutoka Chini ya Barafu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha Polisi, Nyarugusu. Tarehe 12 Machi 2025, saa 3:20 asubuhi.
Jina: Asteria Lugembe (Mama Doto). Umri: miaka 47. Kabila: Msukuma, mzaliwa wa Kishapu. Dini: Mkristo. Kazi: mmiliki wa makarasha matatu ya kusaga mawe ya dhahabu. Makazi: Nyarugusu, Wilaya ya Geita.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuletwa, nimekuja mwenyewe.

Mnamo tarehe 15 Februari nilisafiri kwenda Moshi kupanda Mlima Kilimanjaro. Niliwaaga majirani, akiwemo Majaliwa, ambaye duara lake, yaani shimo la kuchimba dhahabu, liko jirani na makarasha yangu. Niliwaambia naenda kuona maporomoko ya maji yaliyo chini ya barafu. Wakacheka.

Siku ya nne ya kupanda, mwongozaji wangu Deusdedit alinipitisha njia ya pembeni, tukafuata kijito kwenye bonde la mawe matupu. Kichwa kiliniuma, nikatapika. Akasema, "Mama, turudi." Nikamwambia yeye atangulie kurudi. Tukaendelea wote. Saa 5 asubuhi tulifika. Barafu ilikuwa juu yetu kama ukuta, maji yanatoka chini yake na kuanguka kwenye mwamba mweusi. Yalikuwa membamba kuliko nilivyofikiri. Nilikaa hapo nikalia, kisha nikajaza chupa.

Afande ameniuliza nilifuata nini huko. Nimeosha mchanga wa dhahabu tangu nina miaka kumi na tisa. Maji niliyoyashika ni ya tope na zebaki. Nilitaka kuona maji ambayo bado hayajaosha kitu. Sababu nyingine sina, na hata hiyo naitoa kwa hiari.

Mnamo tarehe 9 Machi, baada ya mvua ya siku tatu, duara la Majaliwa lilijaa maji. Hakuna aliyeumia. Jana saa 12 jioni Majaliwa alikuja kwangu na watu wapatao thelathini.

"Mama Doto, umetuletea nini kutoka mlimani?"
"Maji."
"Ya mganga gani?"
"Ya kunywa. Unataka?"

Wa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema mwenye makarasha matatu hawezi kupanda mlima kutazama maji tu, kwamba nimeyaita yakaingia kwenye duara lake, na hadi Jumapili niwe nimehama. Kisha wakakata mikanda ya makarasha yote.

Duara lake liko bondeni, na Desemba nilimwambia achimbe mtaro. Benjamini, mwanamume wa hapa hapa Nyarugusu, ana makarasha sita, mwaka jana alikwenda Zanzibar kuogelea. Hakuulizwa ameleta maji gani.

Mikanda mipya nimeshaagiza Kalangalala, Geita mjini. Jumapili nitakuwa nasaga. Pampu ya kutoa maji shimoni ninayo pia. Majaliwa akija kuiomba mchana, peke yake, na salamu mdomoni, nitampa.

Chupa nimekuja nayo. Afande ameniomba niiache nje. Nimeiweka mezani.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, na sipunguzi neno.

(Sahihi) A. Lugembe

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Chacha. Chupa ya lita moja na nusu imepokelewa kama kielelezo. Ililetwa ikiwa imejaa. Nilipomuuliza shahidi kama yaliyomo yana madhara, aliifungua, akanywa hadi nusu, akanisogezea. Nimeonja. Ni maji.