Kaburi la Babu Hakimu

Bo-ram usinipigie, niko garini na baba mkubwa, huyo mpuuzi, kakaa mbele yangu, atatusikia.

Unamjua baba mkubwa Gwang-seop na utafiti wake wa babu yetu hakimu, yule wa enzi za wafalme. Kila sikukuu ya mavuno ya Chuseok ikikaribia anatuburuta mlimani tukafyeke nyasi za kaburi ambalo eti kaligundua mwenyewe. Eti mtafiti!

Leo nimesogea nimmiminie babu pombe ya mchele ya tambiko, akanifokea mbele ya ukoo mzima: "Wanawake nyuma! Hakimu hahudumiwi na sketi."

Hahudumiwi na sketi! Mimi nimefyeka mpaka mikono imechubuka, yeye kashika mwavuli.

Tukiwa tumesujudu, akatokea bibi mmoja na wanawe, wamebeba mashine ya kufyekea. "Kumbe ni nyie mnaotufyekea kila mwaka! Sasa hapo mnamsujudia nani?"

Baba mkubwa kifua mbele: "Babu yetu, Hakimu Pyo."

Bibi hakubishana. Mwanawe akachimba kidogo chini ya kaburi, akatoa kile kigae cha jina anachozikwa nacho marehemu.

Bo-ram, ni MWANAMKE. Bi Tak, mjane, nyanya yao wa zamani. Hakimu gani!

Mtafiti wetu bado kapiga magoti.

Nikachukua kikombe cha pombe, nikamwambia kwa adabu zote: "Baba mkubwa, rudi nyuma. Bi Tak hahudumiwi na suruali."