Mwalimu Jairus Wekoye na Nusu Karatasi ya Kitabu Chake

Baba, leo umetimia mwaka mmoja tangu utuache, na mtaani Tuwan, Kitale, bado wako watu wanaosema "ngoja tumuulize mwalimu" kabla hawajakumbuka.

Ulifundisha fizikia Kitale miaka ishirini na sita. Kila Jumamosi alasiri ulikaa benchi la mbele katika kibanda cha sinema cha Naim, pale nyuma ya msikiti. Wenzako walikuja kutazama vyombo vya angani vikipigana. Wewe ulikuja kukagua. Sinema ikidanganya ulimwashiria Naim asimamishe mkanda, ukasimama mbele ya skrini na shati lako la mikono mirefu, ukaanza kueleza kwa nini mchwa mkubwa kama ng'ombe hawezi kufukuza mtu. Ukimrefusha mchwa mara mia, ulisema, nguvu ya miguu yake inaongezeka mara elfu kumi, lakini uzito wake unaongezeka mara milioni. Angevunjika pale pale kama bua la mahindi.

Vijana walikuzomea. "Mwalimu, si uache iishe kwanza bana! Ati fizikia, na ni Jumamosi!"

Naim alikuvuta kando akakubembeleza. "Mwalimu wangu, usinisimamishie kwa mapigano, watanivunjia benchi. Simamisha kwa mapenzi, hapo hawajali." Lakini haukupita mwaka, wao wenyewe wakawa ndio wanaopiga kelele: "Naim, simamisha! Mwalimu, hiyo inawezekana kweli?" Ulirudi nyumbani siku hizo ukitembea kama bwana harusi.

Hapo ndipo kitabu kilipoanza. Sura kumi na moja za kueleza sinema zinasema kweli wapi na zinadanganya wapi, kwa Kiswahili, kwa sababu ulisema mtoto wa kwetu Kabuchai haogopi fizikia, anaogopa Kiingereza chake. Uliandika miaka saba, kwa biro nyekundu, nyuma ya karatasi za mitihani ya majaribio. Hatukuwahi kukuona ukinunua karatasi mpya. "Karatasi ina pande mbili," ulisema, "na sijui nani aliwaambia watu moja ni takataka." Ulikuwa mgumu, Baba, tuseme ukweli. Mwanao Tonny alikusihi umruhusu apige picha kurasa hizo kwa simu. Ukamwambia angoje, kazi haionyeshwi ikiwa uchi. Hata yule mchapishaji wa Nairobi aliyekusikia ukisoma kwenye semina ya walimu Bungoma, akakuomba umpe kitabu kizima, ulimwambia angoje.

Ulikimaliza Jumanne. Ijumaa ulianguka bafuni.

Siku kumi na moja ulilala bila kusema. Mdomo ulikataa, lakini mkono wa kulia uliendelea kuandika hewani. Wauguzi walidhani ni mishipa tu. Mama yetu, Sellah, alikuelewa. Alikushika ule mkono, akainama sikioni mwako na kusema, "Kitabu? Nimekuelewa, Baba Tonny. Nitakitunza mimi mwenyewe. Hata panya hatakigusa." Mkono ukatulia. Ulifariki kesho yake, na tunaamini uliondoka ukiwa na amani kwa sababu ya neno hilo.

Sasa tunakuja kwenye jambo ambalo tumelizunguka tangu mwanzo wa tangazo hili.

Tulipokuleta nyumbani Kabuchai, vitu vya nyumba ya Tuwan vilikuja kwenye lori moja nawe. Vilikuwamo maboksi mawili ya mafuta ya kupikia, yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa na kitabu. La pili lilikuwa na mitihani ya zamani uliyopanga kuitupa. Yaliwekwa sebuleni pamoja, chini ya dirisha.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mwingi, moto hakuna, na wageni wa matanga hawapungui. Asubuhi ya mazishi dada yako Nabwile, aliyesimamia jiko, alikuja mlangoni macho yamejaa machozi ya moshi.

"Mke wa ndugu yangu, nitawashia hawa watu chai na nini? Hakuna karatasi hata kidogo?"

Wewe unajua mjane wa kwetu anavyokaa. Mama alikuwa chini kando ya jeneza lako, miguu ameinyoosha, na hainuki pale mpaka umetolewa. Hakuweza kwenda kufungua boksi na kutazama. Alinyoosha mkono, akaonyesha. "Chukua lile la mitihani, lile la kulia." Nabwile alifungua, akaona mitihani, kwa sababu upande wa juu ilikuwa mitihani kweli. Akabeba boksi zima.

Moto uliwaka vizuri sana, Baba. Watu walisifu chai.

Siku ya tatu baada ya mazishi, tulipokusanyika kunyolewa nywele kama desturi, Nabwile alimletea mama uji, na sukari imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Mama alikifungua. Upande wa ndani palikuwa na mwandiko wako mwekundu: "Sura ya Nne. Sauti haisafiri palipo patupu. Chombo kikilipuka huko juu, aliye karibu ataona moto mkubwa na hatasikia kitu." Chini yake palichanwa. Mama alikunja ile nusu karatasi, akaitia kifuani, akanywa uji bila sukari. Alianza kulia, nasi tukasema anamlilia mumewe.

Hakutuambia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na huyu mama alikaa na siri yake mwaka mzima. Lile boksi lililobaki alilifungia chumbani kwako, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Wanafunzi wako walipouliza alisema kiko. Mchapishaji alipopiga simu alisema kiko, anangoja matanga yapoe. Kanisani, mchungaji alipomsifu mbele ya watu kwa kutunza kazi ya mumewe, aliinamisha kichwa. Tulidhani ni unyenyekevu. Ametueleza sasa kwamba alitamani ardhi ifunguke. Alikonda mpaka viatu vikawa vinamvuka, tukampeleka kupimwa sukari na presha, na hawakuona ugonjwa.

Mwezi uliopita Tonny alitoka Nairobi. Alikuwa amekubaliana na mchapishaji apeleke kitabu kabla ya siku ya leo, ili tukukumbuke kikiwa njiani kuchapwa. Aliomba ufunguo. Mama aliufungua kwenye leso taratibu, akampa, akabaki amesimama ukumbini, mikono imelala ubavuni.

Tonny alitoa karatasi ya kwanza, akaigeuza. Tupu. Ya pili tupu. Alicheka kidogo, akidhani amekosea boksi. "Mama, boksi la kitabu liko wapi?"

"Kilipika chai ya watu," mama akasema. "Niliwaonyesha mimi. Kwa mkono huu."

"Na ulijua lini?"

"Siku ya kunyolewa."

Tonny hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema, "Mwaka mzima, mama. Ungesema siku ile, tungezunguka kwa wanafunzi wakiwa bado wanakumbuka. Tungemfuata kila mtu." Akatoka, akapita katikati ya mahindi, akaenda zake barabarani. Siku tisa hakupokea simu ya mama hata moja.

Shangazi Nabwile ndiye aliyempata, kwa simu ya jirani. Hakuzunguka maneno. "Sikiza wewe. Ile moto niliwasha mimi. Nilichana nikaingiza, nikapuliza na hii mdomo yangu. Kama ni kuraumu, raumu mimi. Mbona unamariza mama yako peke yake?"

"Senge, shangazi yangu, wewe hukujua," Tonny alimjibu. "Yeye alijua akanyamaza." Nabwile alirudisha simu kwa mwenyewe na kukaa chini.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tulijaribu. Nasike, bintiyo, ambaye ndiye anayeandika haya kwa niaba ya wote, alienda Kitale na daftari. Naim alifunga kibanda siku nzima akamsimulia alichokumbuka, na mara nyingi alikumbuka mzaha wako kuliko hesabu. Cherop, aliyekuwa mwanafunzi wako na sasa yuko chuo kikuu, alimpa mchwa wote, mara elfu kumi na mara milioni, bila kosa. Kuhusu sura ya saa zinazochelewa ndani ya chombo chenye mbio, watu wanne walitoa maelezo manne. Sura tatu za mwisho hakuna aliyewahi kuzisikia. Zilikuwa mpya, ulikuwa nazo wewe peke yako. Mchapishaji alisoma tulichokusanya, akasema pole, hicho si kitabu. Alisema kweli.

Basi hakuna kitabu, Baba. Tunakuambia sisi wenyewe usije ukakisubiri. Juzi mama alienda kaburini peke yake asubuhi, na Nasike, aliyekuwa anakata nyasi za ng'ombe ng'ambo ya ua, alimsikia akisema kwa sauti, "Baba Tonny, nilikuahidi hata panya. Haikuwa panya." Alikaa huko mpaka jua likawa kali.

Tulipoanza kuandika kumbukumbu hii tulitaka kuweka wema wako na sala, basi. Mama akakataa. "Kwenye shukrani za mazishi mliweka gazetini kwamba ninatunza kitabu," akasema. "Wekeni na hii. Andikeni jina langu." Tulimwambia watu watamcheka. Akasema wacheke.

Tonny alikuwa amekataa jina lake lisimame katika orodha moja na la mama, na tulikuwa tumeacha nafasi, hatujui tufanye nini nayo. Jana alipiga simu. Nasike alimsomea tangazo lote.

"Niweke karibu na yeye," akasema. "Lakini usiandike kwamba nimemsamehe. Bado sijamsamehe, na mzee hakupenda uongo hata kwa sinema."

Mama alikuwa amesimama hapo hapo, amesikia. "Andika hivyo hivyo alivyosema," akasema, akaingia ndani kujifuta uso.

Wanaokukumbuka ni mkeo Sellah, aliyechoma kitabu chako bila kujua na akanyamaza akijua; kando yake mwanao Tonny, ambaye bado hajamsamehe; bintiyo Nasike; dadako Nabwile; Naim na benchi lote la mbele; Cherop na wanafunzi wako wa Kitale. Wewe hatutakusahau, Mwalimu, siku zote tutakazopewa.