Sauti Iliyopita Mfupani

Majengo, Moshi
12 Juni 1994

Kaka yangu Elimringi,

Shikamoo. Baridi ya Juni imetushukia, mlima hatujauona wiki nzima, lakini sisi tu wazima. Naomba barua hii ikukute nawe una afya huko Mwanza.

Kaseti ya sauti yako uliyomtumia Mama ilifika. Unajua tangu masikio yake yatoke usaha mwaka juzi hasikii hata kengele ya kanisa. Akawa anaishika tu, anaifuta kwa kanga. Iliniuma, nikamweleza fundi Wenseslaus, ambaye ananifundisha kutengeneza redio. Alitoa kisahani chembamba cha shaba kwenye saa ya mezani iliyokufa, chenye utando mweupe juu yake. Akaniambia nikipinde kidogo, na mshale wa mita ya kupimia umeme ukaruka. Kumbe kikipinda kinazaa umeme. Kisha akakiunganisha na redio, na chenyewe kikawa kinapinda na kunyooka upesi mno, hata vidole vikaniwasha. Alisema mtetemo huo unaweza kupita kwenye mfupa, hata sikio likiwa limeziba.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikapanda Marangu kwa Mama. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilikizungushia kisahani plasta, nikakibana nyuma ya sikio lake, nikakiunganisha na redio na kufungulia kaseti. Kisu kikasimama mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Huyu ana mafua. Nani anamchemshia maziwa?" Nililia, kaka, naye akanicheka.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata yeye sijamwambia. Mwanangu Jovin anakaribia mwaka, na nikimwita hageuki. Sufuria ikianguka hashtuki. Baba yake anasema watoto wengine huchelewa, nami nimekuwa nikiitikia huku moyo unakataa. Jana nilipokuwa namnyonyesha nilimwekea kisahani kile nyuma ya sikio, nikamwimbia kwenye maikrofoni iliyounganishwa nacho. Akaacha ziwa, akanikazia macho. Niliponyamaza akanipiga kifuani kwa kiganja. Nilipoimba tena akatulia. Sijui kama alisikia au alihisi mtetemo tu. Kesho nampeleka hospitali. Lolote watakaloniambia, nimeshajua kwamba kuna mahali ndani yake ninaweza kufika.

Tuombee. Mama anakusalimu sana, na shemeji yako pia. Wasalimie wote wa nyumbani kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Aikande