Nilichoahidi Mbele ya Mama

Bonde la Tucker, Tennessee
20 Agosti

Kwa Dada Oleta,

Pokea salamu zangu na za Mama, zikukute wewe na Shemeji Hobart mkiwa wazima, na lile goti lako likiwa limepoa. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anasali, anagombana na jogoo, na nyanya mwaka huu zimezaa mpaka tunawagawia majirani kwa nguvu. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yaanze mgomo tunapigiana kelele tu, mimi nauliza mvua nawe unajibu ng'ombe. Basi nimeshika kalamu. Ombi langu ni moja: soma kwa mpangilio. Nakujua, tangu utotoni hadithi unaitaka mwisho kwanza. Safari hii vumilia, mwisho haukimbii.

La kwanza, nimeshinda. Mdogo wako ndiye sherifu mpya wa Kaunti ya Cutler, polisi na jela vyote mikononi mwangu, na tarehe mosi Septemba nitaapishwa mbele ya mahakama. Cheka ukipenda, hata mimi nilicheka. Na najua swali linalofuata kichwani mwako, kwa sababu ndilo unaloliuliza katika kila barua: na Delmer je? Nitafika kwa Delmer, mdogo wetu. Huwezi kuelewa habari ya kura hizi bila yeye, wala habari yake bila kura.

Niliacha kazi mwezi Machi ili nigombee, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Niliwaambia watu kwamba ujana wangu wote umekwisha katika polisi ya kaunti hii, doria, jela na upelelezi, na kwamba mimi ni mtoto wa hapa, nawajua nao wananijua. Mpinzani wangu alikuwa Garland Tipton, naibu wa yule sherifu mzee anayestaafu. Garland si mtu mbaya, ila majivuno yamemzidi kofia. Alinipita barabarani siku moja akaniambia kwamba mwanamke ni jikoni, kaunti haihitaji mpishi mwingine. Nikamwambia ashukuru, maana kwa sura ile hajapikiwa siku nyingi.

Unajua watu wetu: hakuna anayemkatalia mgombea uso kwa uso. Kila uwanja wa nyumba ulikuwa na bango langu na la Garland bega kwa bega, nami sikujua nani ananidanganya. Shangazi Ruby nilipomuuliza aliniambia bila haya, "La Garland nimelielekeza barabarani, lako nimelielekeza jikoni. Sasa mpendwa ni nani hapo?" Nilikula mkate wake wa mahindi, nikaondoka sijui kama nina kura yake.

Garland naye alipatwa na aibu yake Jumapili ya makaburi, mwezi Mei. Kanisa zima tulikuwa kilimani tukipalilia makaburi na kuweka maua, meza za chakula zikisubiri chini ya miti. Wagombea wote huja, na kila mtu anajua mwiko wake, kwamba hutoi kadi yako mpaka chakula kiombewe. Garland, sijui pupa gani ilimshika, akamtilia kadi mkononi mjane wa Carver, jembe lingali mkono wa pili, naye yuko juu ya kaburi la mumewe. Yule mama aliisoma kadi taratibu, akaichomeka udongoni pamoja na maua, akamwambia, "Mpe Carver huyu, ana nafasi ya kufikiri." Garland hakula siku hiyo.

Nilidhani basi nimeshinda, kumbe yangu ilikuwa njiani. Mwezi Juni wazima moto waliandaa chakula cha jioni ukumbini kwao, maharage na nyama ya nguruwe, na baada ya kula wagombea tuliulizwa maswali. Mama alikuwa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani. Hoyt Blevins, mwenye duka la mbegu, akasimama. Alisema Verna tunakujua tangu unaburuta blanketi, na hatuna shaka na kazi yako, lakini mdogo wako aliiba nyaya za shaba za kiwanda cha mashati akanunua vidonge vya kulevya, akapewa dhamana, akaikimbia mahakama. Hati ya kumkamata ipo mpaka leo. Ukimkuta barabarani utafanya nini?

Dada, macho yote yalinigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa maneno marefu ya kupindapinda, yote yakanitoka. Nikasema, "Nitamfunga pingu kama ningemfunga mwanao, Hoyt. Sheria ni msumeno. Halafu nitakwenda kumwambia Mama mimi mwenyewe, sitamtuma mtu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama alisimama, akachukua sufuria yake aliyoletea maharage, akatoka. Na baada ya hapo, kwa wiki na wiki, alinipikia, alinifulia, aliniombea kwa sauti nikisikia, lakini hakunisemesha. Akitaka chumvi anamwambia paka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kila jioni alivuta kiti chake dirishani akaangalia barabara, kama alivyofanya tangu Delmer atoweke majira ya baridi ya mwaka juzi, na sasa nilijua kwamba anaomba mtoto asije. Yaani mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeshinda kwa kura chache. Watu walinikumbatia, Hoyt akaniambia jibu langu ndilo lililompa kura yake. Nilirudi nyumbani na keki waliyonipa. Mama aliiangalia keki, akaniangalia mimi, akasema maneno yake ya kwanza tangu Juni: "Hongera, mwanangu. Sasa utanikamatia mtoto." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Sikula keki ile, wala sikuweza kula vizuri kwa siku zilizofuata. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nami nilikiogopa.

Sasa sikiliza, Dada, na ukae kitini.

Jumatatu iliyopita asubuhi tulikuwa barazani mimi na Mama tukivunja maharage mabichi ya kuhifadhi kwenye chupa. Gari la polisi likapanda njia yetu. Garland akashuka, akavua kofia, akaja kwa miguu akiishika tumboni. Mwendo ule naujua. Nimeutembea mwenyewe kwenye nyua za watu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila mara kuna mama anayeanza kulia kabla sijafika ngazini. Maharage yakamwagika. Mama alinishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu Juni, kwa nguvu ambayo sikujua angali nayo.

Garland akaniambia nikae kwanza. Nikamwambia sikai, aseme.

"Yu hai," akasema.

Ni hivyo, Dada. Delmer yu hai. Nimeandika kurasa zote hizi ili niandike maneno hayo, na sasa machozi yananichafulia karatasi.

Garland alieleza kwamba alfajiri ile alimkuta Delmer ameketi kwenye ngazi za kituo cha polisi, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Alikuwa ng'ambo ya mlima muda wote huu, kwa mzee mmoja mkulima wa tumbaku ambaye jina lake silitaji, kwa kuwa kuna mambo ambayo sherifu hapaswi kuyajua. Mzee huyo alimfungia ndani mpaka vidonge vikamtoka mwilini, kisha akampa kazi. Na mzee huyo huyo alikuwepo ukumbini usiku wa maharage, akaenda kumsimulia.

Mama aliuliza kwa nini amekuja sasa. Garland aligeuza kofia yake, akasema, "Ameniambia hivi, mama. 'Nifunge wewe, Garland, kabla ya Septemba. Dada yangu ameahidi mbele ya Mama, na akiahidi hutimiza. Sitaki Mama aione siku hiyo.'"

Dada Oleta, sijui kama umewahi kutuliwa mzigo uliokwisha kuuzoea mpaka ukasahau kwamba ni mzigo. Niliketi palepale juu ya maharage. Garland alisema hakumfunga pingu. Alimkaangia mayai kwanza. Nilimwomba Garland abaki naibu wangu, na faili la Delmer liwe kwake peke yake, mimi nisiliguse. Akasema alidhani nitamfukuza. Nikamwambia nilikuwa na nia hiyo mpaka asubuhi hii.

Mchana wake nilimwona Delmer jela. Amekonda, meno mawili hayapo, lakini macho ni yale ya zamani, ya kabla ya vidonge. Aliniangalia kupitia kioo akasema nimenenepa. Nilitaka kumtukana nikashindwa, tukabaki tunacheka na kulia. Jaji atamsikiliza mwezi Oktoba. Garland anadhani kujileta mwenyewe kutampunguzia, na mkulima yuko tayari kuja kumsemea. Jela atakaa, hilo halina ubishi, wala Delmer habishi.

Limebaki moja, na hili ndilo gumu kwangu. Ile Jumapili ya makaburi nilifika kwenye kaburi la Baba kabla ya Mama, nikakuta limekwisha kupaliliwa. Nyasi zote zimekwanguliwa, udongo umelundikwa juu mviringo kama mkate, kwa mtindo wa wazee ambao siku hizi hakuna anayeuweza isipokuwa yule aliyefundishwa na Baba. Beji nilikuwa nimeirudisha, lakini macho ya mpelelezi hayarudishwi pamoja na beji. Nilijua Delmer yu hai na yuko karibu. Sikumwambia mtu. Na wiki ile ile ulipoandika kuniuliza habari zake, nilikujibu kwamba hakuna. Niliogopa kwamba nikikuambia utakuja, ukija utamtafuta, ukimtafuta nitajua alipo, na nikijua itanibidi nichague. Nisamehe, Dada. Nilikunyima usingizi ambao ningeweza kukupa tangu Mei.

Mama nimekwisha kumwungamia. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema aliutambua mkono wa Delmer pale kaburini, yeye mwenyewe akiwa bado langoni, akanyamaza ili nisije nikalazimika kumdanganya. Kwa hiyo tulikuwa wawili tukifichana jambo moja nyumba moja, tukigombania chumvi kupitia paka.

Njoo tarehe mosi kama goti litakubali. Mama ndiye atakayeshika Biblia, na ameshanunua kofia. Msalimie Shemeji, mwambie nyanya zake nimemwekea kwenye chupa, na wajukuu wako wabusu wote kwa niaba yangu, hata yule anayeng'ata. Kiti cha Mama kimerudi mezani. Jana nilimuuliza kama haoni uchungu mwanawe kulala jela chini ya binti yake mwenyewe, naye amenitaka nikuandikie jibu lake kama alivyolisema: "Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi najua mwanangu analala wapi, na ufunguo anao nani."

Mdogo wako akupendaye,
Verna Stinnett